Kutayarisha Filamu ya Elimu ya Afya kwa Deki ya DVD

Katika kumbi za kusubiri za zahanati, vituo vya afya na hospitali nyingi, runinga huwekwa ukutani ili wagonjwa na wanaowasindikiza wapate elimu ya afya wakati wakingoja zamu yao. Pale ambapo runinga hiyo ni ya zamani, au intaneti haitegemeki, chombo kinachoilisha picha aghalabu ni deki ya DVD. Watumishi wa afya hurekodi mafunzo yao kwa simu au kamera, huyahariri kwenye kompyuta, kisha huyachoma kwenye diski. Siku ya kuonyesha inapofika, deki hutangaza kwamba diski haisomeki. Au picha hutokea bila sauti. Au maneno ya pembezoni hukatika. Kazi ya siku nyingi hupotea, na ukumbi hurudi kutazama tamthilia.

Makosa haya yana sababu zinazofahamika na zinazoepukika. Jambo la msingi ni hili: filamu haikamiliki pale mhariri anapobonyeza kitufe cha kuhifadhi. Hukamilika pale inapoonekana na kusikika, kuanzia mwanzo hadi mwisho, kwa mtu aliyeketi benchi la mwisho ukumbini.

Ili maelezo yaeleweke, na tuchukue mfano mmoja. Tuseme watumishi wa afya wanaohudumia wakazi wa Kahororo, mojawapo ya kata za Manispaa ya Bukoba, wametayarisha filamu ya dakika 20 kuhusu kuhara kwa watoto. Filamu inaonyesha jinsi ya kuchanganya maji ya ORS, jinsi ya kutumia vidonge vya zinki, na dalili za hatari zinazomlazimu mzazi kumrudisha mtoto kituoni bila kuchelewa. Nia yao ni kuionyesha ukumbini, na kisha kupeleka nakala Wilaya ya Muleba, hata katika visiwa vya Ziwa Victoria kama Bumbire, ambako diski huweza kusafiri kwa mtumbwi bila kudai kifurushi cha intaneti.

Deki si kompyuta

Kosa linalotokea mara nyingi kuliko yote ni kuchukua faili la video kutoka kwenye kompyuta, aghalabu la aina ya MP4, na kulinakili kwenye diski kama mtu anavyonakili barua au picha. Diski ya namna hiyo ni ghala la faili tu. Si DVD ya video.

Kanuni za DVD ziliafikiwa na watengenezaji mwaka 1995, na deki za kwanza ziliuzwa Japani mwaka 1996. H.264, yaani namna ya kubana picha inayotumiwa na simu nyingi za leo, ilitolewa mwaka 2003. Deki ya kawaida iliundwa kusoma MPEG-2, iliyokuwapo kabla ya hapo, na haina uwezo wa kujifunza kitu kipya kama kompyuta inavyoongezewa programu. Kwa hiyo si filamu iliyoharibika wala diski mbovu. Ni lugha mbili zisizoelewana.

Wengine hujaribu kubadilisha jina la faili, wakifuta MP4 na kuandika VOB mwishoni. Hilo halisaidii, kama vile kubandika lebo ya dawa ya malaria kwenye chupa ya dawa ya kikohozi kusivyobadilisha kilichomo ndani. Yaliyomo yenyewe hayana budi kugeuzwa, kisha yapangwe katika folda maalumu iitwayo VIDEO_TS. Ndani ya folda hiyo huwa na mafaili ya VOB yanayobeba picha na sauti, mafaili ya IFO yanayoielekeza deki pa kuanzia na pa kwenda, na mafaili ya BUP ambayo ni nakala za akiba za IFO. Programu za bure kama DVDStyler hufanya kazi hii yote, na FFmpeg huweza kugeuza picha na sauti kwa vipimo kamili vya DVD.

Tahadhari moja yafaa itajwe mapema. Programu kama VLC husoma karibu kila aina ya faili. Kwa sababu hiyo, kuona filamu ikicheza vizuri kwenye kompyuta si ushahidi kwamba deki nayo itaicheza.

Picha: vipimo, umbo na pembezoni

Tanzania hufuata mfumo wa televisheni uitwao PAL. DVD ya PAL ina picha yenye pikseli 720 kwa 576, na fremu 25 kwa kila sekunde. Mfumo wa NTSC, unaotumika Marekani na Japani, una pikseli 720 kwa 480 na fremu karibu 30 kwa sekunde. Programu nyingi za kutayarisha DVD huuliza mtumiaji anataka upi, na baadhi huja zikiwa zimewekwa NTSC. Diski ya NTSC ikiingizwa kwenye deki na runinga za zamani za PAL, huweza kutoa picha isiyo na rangi au inayorukaruka. Chaguo sahihi hapa kwetu ni PAL.

Simu nyingi hurekodi fremu 30 kwa sekunde. Zinapopunguzwa kuwa 25, mwendo wa mkono au wa mtu anayetembea huweza kukatikakatika. Ikiwa simu au kamera inaruhusu, ni heri kuirekebisha irekodi fremu 25 tangu mwanzo. Vilevile simu ishikwe kwa kulazwa, kwani picha iliyorekodiwa simu ikiwa wima hujaza ukanda mwembamba tu katikati ya runinga na kuacha weusi pande zote mbili.

Umbo la picha lina uzito wa pekee katika elimu ya afya. Runinga za zamani zina umbo la 4 kwa 3, na za kisasa zina umbo la 16 kwa 9. DVD hubeba alama inayoieleza deki umbo la filamu iliyomo. Alama hiyo ikikosewa, picha ya 4 kwa 3 hutandazwa ijaze kioo kipana, na kila kilichomo huongezeka upana kwa theluthi moja. Katika filamu ya harusi hilo ni jambo la kuchekesha. Katika filamu inayofundisha kutambua utapiamlo, mtoto aliyekonda ataonekana mwenye mashavu, na mkono mwembamba utaonekana wa kawaida. Mafunzo yatakuwa yamepotoshwa bila neno hata moja kubadilishwa. Kipimo rahisi ni kuweka duara mwanzoni mwa filamu ya majaribio: likionekana kama yai, alama ya umbo imekosewa.

Jambo la tatu ni pembezoni. Runinga nyingi, hasa za kioo kilichobinuka, hukata sehemu ya ukingo wa picha. Kompyuta haikati, hivyo mhariri haoni tatizo. Turudi kwenye mfano wa Kahororo. Mhariri ameandika chini ya picha: «Pakiti 1 ya ORS kwa lita 1 ya maji safi na salama.» Ameyaweka maneno ukingoni kabisa ili yasizibe mikono ya muuguzi anayechanganya. Runinga inakata upande wa kulia, na mama aliye ukumbini anabaki na «Pakiti 1 ya ORS kwa». Kwa kiasi gani cha maji? Kikombe? Chupa ya soda? Maji ya ORS yaliyokolea kupita kiasi huweza kupandisha chumvi katika damu ya mtoto na kumdhuru, na yaliyozimuliwa mno hayamrudishii alichopoteza. Aidha, ziko pakiti zilizotengenezwa kwa nusu lita, kwa hiyo filamu haina budi kumwelekeza mtazamaji asome maelekezo ya pakiti aliyopewa. Kanuni ya kufuata ni kuacha nafasi ya sehemu moja ya kumi kila upande, juu, chini, kulia na kushoto, na kutoweka neno wala tarakimu yoyote katika nafasi hiyo.

Maandishi yawe makubwa, mafupi, yenye mistari minene. Herufi nyembamba za rangi nyekundu huvujisha rangi zinapopita kwenye waya wa njano unaounganisha deki na runinga. Herufi nyeupe au za manjano juu ya kivuli cheusi husomeka vizuri zaidi. Ni vema pia maandishi yaunganishwe moja kwa moja na picha wakati wa kuhariri, badala ya kutegemea manukuu yanayowashwa kwa rimoti. Rimoti ya ukumbini mara nyingi haionekani, au haina betri.

Sauti: isikike hata mvua ikinyesha

Bukoba ni miongoni mwa maeneo yenye mvua nyingi nchini, karibu milimita 2,000 kwa mwaka. Mvua hiyo ikipiga juu ya bati, sauti ya msimulizi humezwa yote. Watoto hulia, majina huitwa dirishani, milango hufunguliwa na kufungwa. Filamu ya ukumbi wa kusubiri inapaswa kutayarishwa kwa mazingira hayo. Msimulizi aseme taratibu, muziki upunguzwe mno au uondolewe kabisa anapozungumza, na kila jambo la msingi lisemwe na pia liandikwe.

Kwa upande wa ufundi, sauti ya DVD huwa na sampuli 48,000 kwa sekunde. Ikiwa filamu ilihaririwa kwa sampuli 44,100, kama ilivyo kwa muziki wa sidii, programu haina budi kuigeuza. Aina inayokubalika zaidi ni AC-3, na kasi ya kilobiti 192 kwa sekunde yatosha kwa maneno yanayosemwa.

Kuna kasoro nyingine ambayo huwapita wengi. Kipaza sauti kidogo cha kubana kwenye nguo mara nyingine hurekodi upande mmoja tu, kushoto au kulia. Kwenye kompyuta yenye spika mbili, mhariri husikia sauti na kuridhika. Ukumbini, waya mweupe umekatika au umechomoka, na umebaki mwekundu peke yake. Midomo ya muuguzi inacheza, muziki unasikika, lakini maneno hayapo. Dawa yake ni kuuweka usimulizi katika pande zote mbili kwa kiwango kilekile kabla ya kugeuza faili.

DVD huruhusu hadi nyimbo 8 za sauti katika filamu moja, hivyo yawezekana kuweka usimulizi wa Kiswahili na wa Kihaya kwa picha zilezile. Lakini ukumbi hauna mtu mmoja wa kuchagua lugha. Njia inayofaa zaidi ni kuzipanga filamu mbili zifuatane, ya Kiswahili kisha ya Kihaya, ili mzee asiyezoea Kiswahili naye afikiwe bila kumwomba mtu abonyeze kitufe.

Hesabu ya nafasi

Diski ya kawaida ya DVD hubeba gigabaiti 4.7. Ubora wa picha hutegemea kiasi cha data kinachotumika kwa kila sekunde. Kikomo cha picha ya DVD ni megabiti 9.8 kwa sekunde, lakini diski zilizochomwa kwenye kompyuta husomeka kwa shida katika deki zilizochakaa pindi kasi inapokaribia kikomo hicho. Megabiti 6 kwa sekunde ni kiwango cha wastani kinachotoa picha nzuri.

Hesabu ni rahisi. Zidisha megabiti kwa idadi ya sekunde, kisha gawanya kwa 8 kupata megabaiti. Filamu ya dakika 20 ina sekunde 1,200; mara 6 ni megabiti 7,200; gawanya kwa 8, unapata megabaiti 900. Ukiweka matoleo yote mawili, Kiswahili na Kihaya, pamoja na sauti zake, hutafika gigabaiti 2. Filamu ya dakika 90 kwa kasi hiyo itachukua gigabaiti 4 na kidogo, nayo itaenea. Ya saa 2 haitaenea, na itabidi kasi ipunguzwe hadi karibu megabiti 4.5. Kwa elimu ya ukumbini, hata hivyo, urefu si sifa. Mgonjwa huitwa wakati wowote. Vipande vya dakika 3 hadi 5, kila kimoja chenye jambo moja lililokamilika, humfaa kuliko mhadhara wa saa nzima.

Kupanga na kuchoma

Wakati wa kupanga DVD, programu huuliza kitakachotokea diski inapoingizwa na filamu inapokwisha. Kwa matumizi ya ukumbini, filamu ianze yenyewe bila menyu, na ikifika mwisho irudi mwanzo yenyewe. Muuguzi anayehudumia foleni ndefu hana nafasi ya kurudi kwenye deki kila baada ya dakika 20. Mpangilio huu unafaa pia umeme unapokatika: deki nyingi husahau zilipoishia, lakini anayeiwasha upya atakuwa na kitufe kimoja tu cha kubonyeza.

Katika kuchoma, mambo yafuatayo yazingatiwe. Kwanza, zitumike diski za DVD-R za safu moja zenye ubora, kwani ndizo zinazosomwa na deki nyingi za zamani. Diski za kufutika huakisi mwanga kidogo na hukataliwa na baadhi ya deki. Pili, kasi ya kuchoma iwe ya wastani, kama 4 au 8, badala ya ile ya juu kabisa. Tatu, diski ifungwe rasmi mwishoni, kwani diski iliyoachwa wazi ili kuongezewa baadaye husomeka kwenye kompyuta iliyoichoma na kukataliwa kwingine. Nne, maelezo yaandikwe juu ya diski kwa kalamu laini isiyochubua. Karatasi ya kubandika huipa diski uzito wa upande mmoja, ikatetemeka inapozunguka.

Deki zenye tundu la flashi hupunguza kazi, lakini haziondoi haja ya kugeuza faili. Nyingi husoma video za AVI zilizobanwa kwa Xvid, zenye picha isiyozidi 720 kwa 576 na sauti ya MP3, na huikataa MP4 ya simu. Flashi yenyewe iwe imeumbizwa kwa FAT32, mpango ambao haupokei faili moja linalozidi gigabaiti 4. Mwongozo wa deki husika usomwe kwanza.

Diski haijirekebishi

Faida ya diski ni kwamba hudumu. Hiyo pia ndiyo hatari yake. Mwongozo wa tiba hubadilika, na diski iliyo kabatini haipati habari. Tanzania iliacha klorokwini kuwa dawa ya kwanza ya malaria mwaka 2001, na kuanzia mwishoni mwa 2006 ikahamia dawa mseto ya ALu. Mwaka 2016 ilianza kuwapa dawa watu wote wanaogundulika kuwa na VVU bila kusubiri kinga ishuke. Filamu iliyotengenezwa kabla ya mabadiliko hayo ingeendelea kusema ya zamani kwa sauti nzuri na picha safi, na mtazamaji asingekuwa na njia ya kujua.

Wakazi wa Bukoba wanafahamu jinsi habari za afya zinavyoweza kubadilika ghafla. Tarehe 21 Machi 2023 ulitangazwa mlipuko wa ugonjwa wa Marburg mkoani Kagera. Watu 9 waliugua na 6 kati yao walifariki, kabla ya mlipuko kutangazwa kwisha tarehe 2 Juni 2023. Katika siku kama hizo maelekezo huhitaji kufika haraka na kusahihishwa haraka, na diski peke yake haitoshi. Vipaza sauti, redio na mazungumzo ya ana kwa ana hutangulia.

Kwa hiyo kila filamu ianze kwa kuonyesha tarehe ya kutengenezwa na mwongozo uliofuatwa, na tarehe hiyo iandikwe pia juu ya diski. Kituo kiwe na daftari la kuonyesha nakala ngapi zilitolewa na zilikwenda wapi, ili mafunzo yakibadilika nakala za zamani zirudishwe na kuharibiwa, zikiwamo zile zilizovuka maji kwenda visiwani.

Jambo la faragha lina uzito uleule. Diski iliyokwisha kugawiwa hairudi mikononi yote. Mgonjwa anayeonekana katika filamu, hata kwa sekunde mbili nyuma ya muuguzi, huweza kutambuliwa na jirani yake, na kuonekana mbele ya mlango wa kliniki fulani ni siri tosha iliyofichuka. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Ridhaa iombwe kabla ya kurekodi, na mhariri aikague filamu fremu kwa fremu kabla ya kuchoma.

Jaribio la mwisho

Diski ya kwanza ni ya majaribio. Ipelekwe ukumbini, iingizwe kwenye deki ileile na runinga ileile itakayotumika, ikiwezekana saa ambazo watu ni wengi. Mtu asiyehusika na utengenezaji aketi benchi la mwisho na kuitazama yote. Kisha aulizwe maswali machache: Pakiti moja inachanganywa na maji kiasi gani? Zinki hutolewa kwa siku ngapi? Ni dalili zipi zinazotaka mtoto arudishwe haraka? Akishindwa kujibu, kosa litafutwe kwenye filamu kwanza, si kwake. Ikiwa nakala zitakwenda Muleba au visiwani, jaribio lirudiwe katika deki nyingine mbili au tatu za aina tofauti.

Wagonjwa nao wana sehemu yao. Anayeketi mbele ya runinga ya kituo na asisikie, asisome, au akaona maneno yamekatika, amwambie mtumishi aliye karibu. Si usumbufu, ni msaada kwa watakaofuata. Na aliyeona kwenye filamu jambo linalopingana na alichoambiwa na daktari aulize kabla ya kuondoka, kwa kuwa huenda diski imezeeka.

Mama aliyetoka Kahororo alfajiri na mtoto mgongoni hajui MPEG-2 wala hana haja ya kuijua. Anachohitaji ni kwamba atakapofika nyumbani na kufungua pakiti ya ORS, akumbuke kiasi sahihi cha maji.